Shimo la Majani ya Kiangazi

Watu wakimsifu ng'ombe mie huwatazama tu. Maziwa, samli, nyama ya Idi, sawa, sikatai. Lakini aliyelala naye ua mmoja ndiye anayemjua. Ng'ombe ana mate. Ana kupe waliojaa masikioni kama kunde kwenye ganda, wamevimba, ukimbandua mmoja anakupasukia kidoleni. Ana mkia uliolowa mavi, na anangoja uiname kumkamua ndipo aupige. Mie ule mkia umeniingia mdomoni nikiwa katikati ya maneno. Tangu siku hiyo nakamua nimefumba mdomo, na anayenijua mie anajua hiyo ni adhabu gani.

Wangu alikuwa mmoja, mwekundu, pembe moja imeinama. Alinipa mjomba wangu wa Msambweni, ndugu yake mama, nilipojifungua mtoto wa kwanza. Kwetu enzi zile mali ilifuata upande wa mama, na mjomba akisema amesema. Alikuwa mtu msafi kupita kiasi, hata maneno yake ungedhani kila moja analisuuza kabla ya kulitoa. Siku ya kunikabidhi alisema pole pole, hivi, na midomo ameibana: "Mwanangu, huyu nakupa umtunze. Kila kiangazi kikiisha nitakuja nimtazame. Nikizikuta mbavu zake zinahesabika, narudi naye kwangu."

Nikasema ahsante mjomba. Ungesemaje?

Nyumba niliyoolewa kila kitu kilikuwa cha mavyaa wangu, mama yake mume wangu. Sufuria zake, kinu chake, mnazi wa nyuma wake, hata kivuli cha ule mnazi alikuwa akinihamisha nisikikalie. Ng'ombe peke yake ndiye aliyekuwa wangu. Mtoto wangu alikunywa maziwa ya ng'ombe wangu, na mavyaa akitaka ya chai ilimbidi aniite. Aliniita kwa sauti nyembamba, kama mtu aliyeshikwa na mafua: "Mke wa mwanangu, hukusaza hata kidogo?" Nami nilikuwa nachelewa kuitika, nipate kuisikia mara ya pili.

Shida ilikuwa malisho. Mvua za mwaka zikinyesha, chini ya minazi ukoka unajaa, ng'ombe wanashiba mpaka wanaharisha kijani, na aibu ya kuufagia ule uchafu ni yako. Watu wakivuna mahindi, ng'ombe wa yeyote anaingia shamba la yeyote, anakula mabua. Mpaka hapo hakuna neno. Lakini ikifika kaskazi, jua lile la kabla ya mvua kubwa, ardhi inakuwa kama upara. Wanaume walikuwa wakichoma vichaka ati majani mapya yachipue, na tunachopata ni majivu, ng'ombe wanakuja jioni na midomo myeusi, wanapiga chafya usoni pako. Kiangazi kilichotangulia mjomba alikuja, akamzunguka ng'ombe, akafika ubavu wa tano akaacha kuhesabu. Akasema mara hii amefumba jicho. Hakusema la mara ya pili. Hakuwa na haja.

Ndipo akaja bwana shamba. Huyo alitokea bara, wakati Mzungu bado ndiye mwenye nchi, kaptura imepigwa pasi mpaka ingekata muhogo. Alikuwa akipita zizini ananyanyua miguu kama kuku aliyekanyaga uji. Mwanzo wa mvua alituletea pingili za mabingobingo tupande, yale majani marefu kama miwa isiyo na utamu. Mvua zilipokuwa zinaisha akarudi kutufundisha kazi yenyewe. Akasimama uwanjani, kifua mbele: "Nyinyi watu ya pwani, ng'ombe yenu nakufa kiangazi kwa sababu nyinyi nakula yote leo." Nyuma yake alikuwa yuko Mzungu wake, shingo nyekundu, ambaye Kiswahili chake chote kilikuwa maneno mawili. Alimtazama mbuzi mwenye upele akasema, "Mzuri sana." Akamtazama mavyaa akasema, "Mzuri sana." Mavyaa akatema mate pembeni.

Mafundisho yenyewe yalikuwa haya. Mkate mabingobingo yangali mabichi, na mabua ya mahindi ambayo hayajakauka. Mkate vipande. Mchimbe shimo, mmwage humo tabaka kwa tabaka, na kila tabaka waingie watu wazima na watoto walikanyage, walikanyage, mpaka kidole hakipenyi. Halafu mfukie kwa udongo mwingi, mkandamize, hewa isipate pa kuingia. Majani yatavundika humo kama ndizi. Kiangazi mnafungua, ng'ombe wanakula. Aliisema ile ya hewa mara nyingi, akiinua kidole: "Hewa kiingia, nakuwa taka."

Watu walicheka. Mavyaa akasema wanataka kutufanya tuwapikie ng'ombe achari. Lakini mie sikucheka, maana nilikuwa na mbavu za kufikiria, na mume wangu alikuwa amekwisha kunyanyua mkono. Alisema, "Shimo nitachimba mie." Na hapo hakuna aliyecheka tena, kwani kijiji kizima kilijua kuwa kwa kuchimba hana mwenziwe.

Mume wangu, nikwambieni, alikuwa mtu mpole, sauti ya chini, ukimkanyaga anakuomba radhi. Na kazi iliyompa jina ilikuwa kuchimba makaburi. Hakulipwa, alichimba kwa thawabu. Akifa mtu Gazi, akifa Kinondo, watu wanamfuata yeye, kwa sababu kaburi lake halitaki kamba ya kupimia, linanyooka kwa jicho, na kuta zake laini utadhani kapaka chokaa. Niliolewa na mikono inayonukia udongo wa ndani ndani. Nilizoea. Uongo, sikuzoea.

Tukakata mabingobingo. Yale majani yana vinyweleo, vinaingia shingoni, vinaingia kwapani, jasho likichanganyika navyo unajikuna mbele ya wakwe kama mwenye funza. Tukakata mabua. Tukavirundika ukingoni mwa shimo, mie nikafunga leso vizuri, nikamchukua mtoto wangu na watoto wa shemeji zangu, tukateremka kukanyaga. Mara nikasikia mkono wa mume wangu umenishika kwenye kiwiko. Akanipandisha juu kama anamtoa mtu msikitini aliyeingia na viatu.

Nikamwambia kwamba bwana shamba amesema tukanyage. Akanijibu, kwa ile sauti yake ya kuomba radhi, "Bwana shamba hakulichimba. Shimo nililochimba mie halichezewi ngoma."

Nikageuka kwa mavyaa, labda atamsemesha mwanawe. Naye akaitikia kwa kichwa, ati ni kweli, mikono ile imelaza watu wakubwa, haifai watoto wakarukeruke.

Basi mume wangu akaingia mwenyewe. Nilimwangalia kutoka ukingoni. Kumbe chini upande mmoja alikuwa amechonga mwanandani, kile chumba cha ubavuni anacholazwa maiti. Mkono ulikuwa umezoea, haukuuliza. Akayapokea majani kwetu mzigo kwa mzigo, akayalaza taratibu, ubavu ubavu, anayapangusa mchanga. Hakukanyaga hata kwa kidole cha mguu. Alipojaza akapanga fito juu, zimebanana, kama zile mbao tunazoziweka udongo usimguse maiti. Juu ya fito makuti. Juu ya makuti udongo, mwepesi mwepesi, tuta likainuka refu, limenyooka, kichwani akachomeka kijiti kibichi. Alisimama akalitazama na nikaona ameridhika. Mie nilisema tu, chini ya pumzi, kwamba lililobaki ni hitima.

Jirani yetu, mjane mwenye ng'ombe watatu, alifanya alivyoambiwa. Aliwatia shimoni wanawe na wake za wanawe, wakakanyaga kutwa na nyimbo za matusi, mwingine akicheka mpaka akajikojolea, na wakafukia lundo la udongo lililokaa kama choo kilichobomoka. Bwana shamba alipokuja kukagua na Mzungu wake, Mzungu alilipita la mjane kimya. Akafika kwetu akasimama. Tuta limenyooka kama rula. Akavua kofia, sijui kwa nini akavua, akasema, "Mzuri sana." Bwana shamba alitaka kuuliza kama tumekanyaga sawasawa, nilimwona mdomo unafunguka. Lakini tajiri wake amekwisha kusifu, na yeye hakuwa mtu wa kumpinga tajiri. Akasema, "Hii ndiyo mfano." Akaondoka akinyanyua miguu.

Hazikupita siku nyingi, mzee mmoja mgeni akipita njia ile akasimama mbele ya tuta, akainua viganja, akaomba dua ndefu, akajipangusa uso. Akamuuliza mavyaa ni nani huyo aliyefariki. Mavyaa, kwa kutojua aseme nini, akamwambia ni jamaa wa upande wa mkwe.

Kaskazi ikaingia. Ukoka ukafa, vichaka vikachomwa, ng'ombe wangu akaanza kurudi jioni tumbo limeingia ndani, na alikuwa na mimba kubwa. Nikaona ubavu wa kwanza, nikaona wa pili. Nikamwambia mume wangu wakati umefika. Tukaenda sote, mavyaa naye akaja na kikalio chake apate kuketi akitazama.

Mume wangu alipoondoa udongo akainua makuti, ulitoka mvuke. Halafu ukaja uvundo. Mie nimenusa mengi, nimenusa papa aliyesahauliwa juani, nimenusa vidonda, lakini ule haukuja puani, ulikuja mdomoni, unaulamba. Yale majani yalikuwa yamekuwa ute mweusi, unavutika. Juu yake ukungu mweupe umeota manyoya marefu, na ndani ya ukungu funza wanatembea, wanono, wana haraka kama wana mahali pa kwenda. Mume wangu alitia jembe, na kule mwanandani akatoka panya jike na vitoto visivyo na nywele, vyekundu, vimelala kwenye majani yaliyokauka, ndiyo pekee yaliyokauka. Mavyaa alianza kusema audhubillahi, hakuimaliza, akatapika kando ya kikalio.

Nikamleta ng'ombe, kwa kutapatapa tu. Yule ng'ombe alikuwa akilamba ukuta wa choo, nimemwona kwa macho yangu, alikuwa akitafuna leso kuukuu. Akanusa, akabetua mdomo wa juu nikaona ufizi wake wote, akarudi nyuma mpaka kamba ikanichubua kiganja.

Upepo ukigeuka, kutoka kwa mjane ulikuja mnuko mwingine. Nao ulikuwa mbaya, sitausifu, ulikuwa kama tembo la mnazi lililolala, kama mlevi aliyekuegemea begani. Lakini majani yake yalitoka hudhurungi, yamelowa, mazima, na ng'ombe wake watatu wakapigana vichwa kuyagombea. Mavyaa alisema maziwa ya ng'ombe wanaokula kitu chenye harufu ile ni najisi, na yeye hatoyagusa. Mjane akamjibu kwamba hakuna aliyemkaribisha. Alinipa mie tita moja kwa ujirani, na la pili. La tatu nikaona mkono wake unakuwa mzito, nami sikumlaumu, ng'ombe wake walikuwa watatu. Nikaacha kwenda.

Mume wangu akasema kwamba alipokwenda Gazi kukata boriti aliona mbuzi wa watu wanakula majani ya mchu maji yakitoka. Mchu ni ule mti wa mikokoni, jani lake juu kijani chini jeupe, ukililamba lina chumvi. Tukaanza kwenda kila maji yakitoka.

Anayeipenda mikoko ni yule aliyeitazama kutoka mbali. Ingieni. Tope jeusi linakushika pajani, linanuka mayai viza, na ukiuvuta mguu linapumua nyuma yako kama mtu aliyekula maharage. Kaa wanakupanda mguuni. Tope linaingia kuchani na halitoki. Nilikuwa nakanda unga na kucha zile na mavyaa akitazama unga wala si mie. Tulibeba matita kichwani, maji ya chumvi yanachuruzika machoni, na nyumbani ilibidi nimchotee ng'ombe maji debe juu ya debe, kwa kiu ya ile chumvi. Lakini alikula. Alikula akiwa amefumba macho. Mbavu hazikuondoka, ila aliacha kuyumba.

Mjomba akaja kabla ya mvua. Alikuja na kanzu nyeupe iliyopigwa buluu, bakora mkononi, na leso ndogo ameiziba puani tangu njia kuu, kwa sababu uvundo wa shimo letu ulikuwa bado unaishi. Nikamwambia shikamoo mjomba, akaitika marahaba mwanangu kupitia kwenye leso. Hakukaa. Akaenda moja kwa moja zizini, akamzunguka ng'ombe, ncha ya bakora inapita ubavu hadi ubavu bila kumgusa. Alimaliza upande mmoja, akaenda wa pili.

"Zinahesabika, mwanangu," akasema. Akafungua kamba.

Sikulia. Nilitazama chini, nikaona kucha zangu nyeusi. Niliwaza mtoto atakunywa nini, na nikawaza mavyaa atakavyokuwa na sauti yake nzima kuanzia jioni ile. Lakini mavyaa alikuwa mlangoni, kimya, na hakuwa na uso wa mtu aliyefurahi.

Mume wangu akatoka nyuma ya nyumba na jembe lake. Alimpa mjomba mkono, akambusu kiganja, halafu akasema kwa sauti ya chini, ikabidi mjomba aondoe leso puani aisikie. Alisema, "Mjomba, mpwa wako alishuka shimoni akanyage, mie nikamtoa kwa mkono. Huyu ng'ombe nimemkondesha mie."

Mjomba akafikiri. "Sikuja kutafuta mwenye makosa, bwana. Nimekuja kutazama mbavu."

Akavuta kamba. Ng'ombe akaenda naye hatua chache, kwa adabu, akafika mlango wa zizi, akapiga magoti ya mbele, halafu akakalisha na nyuma, tumbo lile na ndama wake limemwagika ubavuni. Mjomba akavuta tena. Akamgusa kwa bakora. Ng'ombe akakohoa, ute mrefu wa kijani ukatoka na kujilaza kwenye pindo la kanzu. Mjomba aliutazama ule ute kama mtu anayesoma khabari mbaya.

Nikaona niseme, maana nisiposema pale sisemi tena. "Mjomba, ni wako, mchukue. Lakini hafiki Msambweni. Akianguka njiani atakuwa kaanguka mkononi mwako, yeye na ndama."

"Na akibaki atasimama?"

"Akipata mchu wa kushiba mpaka mvua, atasimama. Sie wawili tunaobeba hautoshi. Pangekuwa na mtu wa tatu, ungetosha."

Mjomba alimtazama mume wangu, akamtazama ng'ombe, akatazama pindo la kanzu. Mie nilikuwa sisemi utani, ingawa najua uso wangu, hata msibani watu hudhani nawacheka. Mwisho akaliinamia lile pindo, akaanza kulikunja juu, kidogo kidogo, na kwa ule mkunjo tukajua. Mavyaa ndiye aliyeingia ndani akamletea kikoi cha mwanawe.

Basi mjomba wangu akaingia mikokoni. Mara ya kwanza alisimama ukingoni akisoma bismillahi mpaka maji yakaanza kurudi. Mara ya pili akatia mguu, ukazama, akatia wa pili kuusaidia wa kwanza, nao ukazama, na yale maneno yake ya kusuuza yakamwishia. Alisema neno moja ambalo sikujua kama analijua. Mume wangu akamvuta kwapani, kwa upole wake wote, akimwomba radhi kwa niaba ya tope. Jioni mjomba alikaa uani miguu mbele, anajichokoa kucha kwa mwiba, ananusa vidole, anavinusa tena kana kwamba vitabadilika. Chakula alikula kwa mkono wa kulia ameugeuzia uso pembeni. Lakini asubuhi, maji yalipotoka, alitangulia yeye. Alikuwa ameanza kutubishia ni mchu upi mtamu, na mara moja nilimkuta amelitia jani mdomoni.

Mvua ilipopiga alikuwa bado yuko. Ng'ombe akazaa siku ya pili ya mvua, ndani ya matope, na mjomba ndiye aliyemvuta ndama miguu, damu na ule utelezi wote mpaka kiwikoni, kikoi cha mume wangu hakikufaa tena hata kwa tambara. Alikuwa ndama jike. Mjomba alimpangusa pua kwa ile leso yake ndogo.

Siku ya kuondoka nilimfulia kanzu mara tatu na alama ya ute haikutoka. Ng'ombe alikuwa chini ya minazi anakula ukoka mpya, mbavu zake bado unaziona. Mjomba alimpita bila kunyanyua bakora. Alitembea nami mpaka njiani, akasimama, akatafuta maneno, na safari hii hakuyasuuza sana.

"Mwakani siji kiangazi," akasema. "Nitakuja mvua zikishanyesha. Ukitaka kukanyaga shimo, kanyaga, nitamwambia mumeo mwenyewe."

Alimwambia, na mume wangu akakubali, kwa sharti yeye asiwepo. Kwa hiyo mwaka uliofuata nikalikanyaga mie, na watoto, na mjane na wake za wanawe waliokuja na nyimbo zao za matusi. Juisi ya mabingobingo ilinipanda mpaka magotini, ya kijani, inanata, inzi wamenijaa, vinyweleo vimenijaa, mtoto mmoja katapika humo humo na tukakanyagia humo na matapishi yake, hakuna aliyeyatoa. Nilichukia kila hatua. Nikashindilia mpaka kidole changu kikagoma kupenya, nikajaribu na cha mjane, nacho kikagoma, ndipo nikasema leteni udongo.